Kesi za Njama za Bhangi: Kwa Nini Hukumu ya Jana Huamua Kesi ya Leo



Barabara kuu inayotoka Sirari, mpakani mwa Kenya, hupita Tarime, huvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, na kufika njia panda ya Makutano. Hapo njia moja huingia Musoma mjini. Nyingine huendelea Bunda mpaka Mwanza. Kwa barabara hii hupita mahindi, samaki, ng'ombe na abiria. Hupita pia, kwa kujificha, bhangi na mirungi. Kwa wenzetu wa Kenya mirungi ni zao la biashara la halali. Kwetu Tanzania bhangi na mirungi zote mbili ni dawa za kulevya, na adhabu yake ni kali. Mtu anaweza kufungwa miaka mingi, hata maisha.

Kesi za namna hii mara nyingi haziji na mtu mmoja. Wanakamatwa watu wawili, watatu au zaidi, na wanaambiwa, "Ninyi mmekula njama." Hapo ndipo wananchi wengi wanapojiuliza: hakimu anajuaje nani ni mwenye kosa na nani alipita njia tu? Na kwa nini wakili husimama mahakamani akataja kesi ya mtu mwingine, ya mkoa mwingine, ya miaka mingi iliyopita?

Leo tutaeleza jambo hilo. Twende polepole, maana ni jambo linalotugusa sisi wa vijijini kuliko tunavyodhani.

Mfano wetu

Mfano huu tumeutunga, lakini mambo ya namna hii hutokea.

Kijana wa bodaboda wa Bunda anapigiwa simu na mwenye duka mmoja. Anaambiwa achukue gunia Makutano, kwenye uwanja wa mama mmoja mwenye mgahawa, alilete Bunda. Malipo yake ni mazuri kuliko siku zote. Njiani anasimamishwa na askari. Gunia linafunguliwa. Juu kuna mkaa, chini kuna majani makavu.

Kijana anasema hakujua. Mwenye duka anakamatwa. Mama wa mgahawa naye anakamatwa, maana gunia lililala kwake. Mwenyekiti wa kitongoji anaamshwa usiku aje awe shahidi. Anapewa karatasi, anaambiwa, "Mzee, tia sahihi hapa." Anatia. Hakuisoma, na gunia hakulitazama ndani.

Watu watatu wanafikishwa mahakamani. Mashtaka ni mawili: kula njama, na kusafirisha dawa za kulevya.

Sasa hebu tuone mahakama inafanya nini.

Ngazi za mahakama

Mahakama zetu zimepangwa kama ngazi. Chini kuna Mahakama ya Mwanzo. Juu yake kuna Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi. Halafu kuna Mahakama Kuu, ambayo hapa Mara ina masjala yake Musoma. Juu ya zote kuna Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Mahakama ya Rufani ilianza mwaka 1979. Kabla ya hapo tulikuwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, pamoja na Kenya na Uganda. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ilitubidi tuwe na ya kwetu. Lakini hukumu nzuri za mahakama ile ya zamani hazikutupwa. Mpaka leo mahakimu wetu huzitumia.

Mahakama ya Rufani ikisha kuamua jambo la sheria, mahakama zote za chini hutakiwa kufuata. Hakimu wa Bunda hawezi kusema, "Mimi sikubaliani, nitaamua nipendavyo." Jambo hili lilielezwa wazi mwaka 1988, katika kesi ya Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, yaani JUWATA, na Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba maamuzi yake huzifunga mahakama zote za chini. Yenyewe pia huyafuata maamuzi yake ya nyuma, ila inaweza kuyaacha ikiona ni haki kufanya hivyo.

Kwa nini iwe hivi? Fikirini mizani ya kupimia pamba. Ingekuwa kila kituo kina mizani yake, kilo moja ya Bunda isingekuwa sawa na kilo moja ya Musoma. Mkulima angeibiwa. Hukumu za rufani ni mawe ya mizani. Mtu wa Butiama na mtu wa Mtwara wapimwe kwa jiwe moja.

Hakimu huitumiaje hukumu ya nyuma?

Kwanza anasikiliza ushahidi na kujua mambo yalivyotokea. Pili anajiuliza, swali la sheria hapa ni lipi? Tatu anatafuta kama Mahakama ya Rufani imekwisha kujibu swali la namna hiyo. Nne analinganisha: je, kesi ile na hii zinafanana katika jambo lile lililoamua kesi? Zikifanana, anafuata. Zikiwa tofauti, anaeleza tofauti iko wapi, na hafungwi nayo.

Jambo hili la kulinganisha ni muhimu. Haitoshi kusema, "Hata ile ilikuwa kesi ya bhangi." Wala si kila neno lililoandikwa katika hukumu lina nguvu sawa. Linalofunga ni ile sababu iliyofanya kesi iamuliwe vile. Maneno mengine yaliyosemwa pembeni huheshimiwa tu.

Sasa turudi kwenye mfano wetu. Kuna maswali matano.

Swali la kwanza: je, palikuwa na njama?

Kula njama ni kukubaliana. Watu wawili au zaidi wanapatana kutenda kosa. Kosa lenyewe ni mapatano hayo, hata kama jambo lililopangwa halijafanyika. Kufahamiana si njama. Kuuziana chai si njama. Kupigiana simu peke yake si njama, mpaka ijulikane mlizungumza nini au mlitenda nini baada ya simu hiyo.

Mahakama ya Rufani imekwisha kutoa mwongozo hapa. Katika kesi ya John Paulo na mwenzake, Rufaa ya Jinai namba 335 ya 2009, watu walishtakiwa kwa kula njama na pia kwa unyang'anyi wa silaha. Mahakama ilisema haikuwa sahihi kuyaweka mashtaka hayo mawili pamoja, kwa sababu njama ni kosa linaloweza kusimama peke yake. Kwa maneno mepesi, kama tendo lenyewe limekwisha kufanyika, washtakiwa washtakiwe kwa tendo hilo.

Ile haikuwa kesi ya bhangi. Lakini swali la sheria ni lile lile, kwa hiyo wakili wa watu wetu watatu anaweza kuishika hukumu hiyo. Atasema, "Gunia limekwisha kusafirishwa. Shtaka la njama halina nafasi hapa."

Je, watu wetu wataachiliwa? Hapana, msifurahi mapema. Shtaka la kusafirisha bado lipo. Na sheria yetu inasema watu wakiwa na nia moja, tendo la mmoja laweza kuwa la wote. Kwa hiyo upande wa mashtaka bado una njia.

Nchi nyingine zina mizani yao. Marekani, Mahakama yao Kuu iliamua mwaka 1946, katika kesi ya Pinkerton, kwamba mtu anaweza kuhukumiwa kwa njama na kwa tendo lenyewe pia. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha wa Mombasa walipelekwa Marekani mwaka 2017. Mwaka 2018 walikiri makosa yao, na njama ya dawa za kulevya ikiwa mojawapo. Mmoja alifungwa miaka 25, mwingine 23. Kwa hiyo tusichukue habari za Marekani tukadhani ndiyo sheria ya Musoma.

Swali la pili: mzigo ulikuwa wa nani?

Hapa mahakama hutazama kesi ya Moses Charles Deo, iliyotolewa katika vitabu vya hukumu vya mwaka 1987. Mahakama ilieleza maana ya kuwa na mali mkononi. Ni lazima ionyeshwe kwamba mtu alijua kitu kipo, na kwamba alikuwa na mamlaka juu yake. Au, kama hakuwapo, kwamba kitu kilifika kwa mwaliko na mpango wake.

Mtazameni mama wa mgahawa. Gunia lililala uwanjani kwake. Je, alijua? Kama watu huweka mizigo pale kila siku wakisubiri magari, si rahisi kusema alijua. Lakini kama alilificha chini ya kitanda, mambo yanabadilika.

Mtazameni na kijana. Yeye alikutwa nalo. Mtu aliyeshika mzigo ana kazi kubwa ya kujieleza. Kwa nini malipo yalikuwa makubwa vile? Kwa nini hakuuliza kilichomo? Hukumu ya nyuma haimwachilii mtu kwa kusema "sikujua" tu.

Swali la tatu: je, gunia hili ndilo lile?

Swali hili ndilo limeangusha kesi nyingi. Bhangi ikikamatwa Makutano, hupitia mikono mingi. Askari wa kwanza, mtunza vielelezo kituoni, mpelekaji, maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, halafu kurudi mpaka mahakamani. Tutajuaje kwamba majani yaliyoletwa mahakamani ndiyo yaliyotoka kwenye gunia la kijana?

Katika kesi ya Paulo Maduka na wenzake wanne, Rufaa ya Jinai namba 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilisema pawepo na kumbukumbu za kufuatana: nani alikamata, nani alitunza, nani alipokea, nani alipima. Wanasheria huita jambo hili mnyororo wa vielelezo. Wazee wetu walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hukumu zilizofuata ziliongeza maelezo. Katika kesi ya Joseph Leonard Manyota, Rufaa ya Jinai namba 485 ya 2015, Mahakama ilisema ukali wa kanuni hii hutegemea kitu chenyewe. Kitu kinachoweza kubadilishwa kwa urahisi, kama vile dawa za kulevya, lazima kifuatwe kwa ukali. Kitu kisichobadilishwa kirahisi, kanuni yaweza kulegezwa. Tena katika kesi nyingine Mahakama imekubali kwamba mashahidi wa kuaminika wanaweza kuueleza mnyororo kwa mdomo, hata kama karatasi moja imekosekana. Basi ona, ndugu msomaji, jinsi hukumu moja inavyozaa nyingine. Kanuni haikufutwa, imeelezwa vizuri zaidi.

Swali la nne: maneno ya mshtakiwa mwenzake

Tuseme kijana, akiwa kituoni, aliandika maelezo: "Mimi na mwenye duka na mama wa mgahawa tulipanga." Mahakamani anayakana. Anasema alilazimishwa.

Hapa mahakama hurudi mwaka 1967, kwenye kesi ya Tuwamoi na Uganda, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Mahakama ile ilisema maelezo ya kukiri yakikanwa, yapokelewe kwa tahadhari kubwa. Kwa kawaida utafutwe ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono, au mahakama iridhike kabisa kwamba ni ya kweli.

Na mama wa mgahawa je? Sheria ya Ushahidi inasema mtu asitiwe hatiani kwa kutegemea tu maneno ya kukiri ya mshtakiwa mwenzake. Maneno yale yanaweza kuzingatiwa, lakini peke yake hayatoshi. Kama hakuna kingine dhidi ya mama yule, kesi yake haisimami.

Swali la tano: je, karatasi zilisomwa?

Wasomaji, hapa ndipo elimu yetu inapoingia.

Katika kesi ya Robinson Mwanjisi na wenzake watatu, iliyotolewa katika vitabu vya mwaka 2003, Mahakama ya Rufani iliweka utaratibu. Karatasi ya ushahidi kwanza ithibitishwe, kisha ipokelewe rasmi, ndipo isomwe kwa sauti mahakamani. Kwa nini isomwe? Ili mshtakiwa ajue imeandikwa nini, aweze kujibu. Kama haikusomwa, Mahakama ya Rufani huweza kuiondoa katika ushahidi. Hati ya kukamata mzigo ikiondolewa, na hakuna shahidi aliyeeleza vizuri kwa mdomo, kesi inaweza kuanguka.

Sasa mkumbukeni mwenyekiti wetu wa kitongoji. Sahihi yake iko kwenye hati ile. Ataitwa mahakamani. Ataulizwa, "Mzee, uliona gunia likifunguliwa? Liliandikwa uzito gani? Lilifungwa kwa lakiri mbele yako?" Akijibu, "Mimi nilitia sahihi tu," basi ameharibu. Kama washtakiwa ni wauza bhangi kweli, wanaweza kurudi mitaani wakawauzie watoto wetu. Kama mmoja wao hana hatia, sahihi ile ingeweza kumfunga bure. Madhara ni kwa pande zote mbili.

Wapo wanaosema hukumu hizi za rufani zinawatetea wahalifu. Sisi hatuoni hivyo. Jiwe la mizani halimpendi muuzaji wala mnunuzi. Kinachomwachilia mhalifu ni kazi iliyofanywa ovyo.

Kesi ikiharibika, huanza upya?

Si kila mara. Tangu mwaka 1966, katika kesi ya Fatehali Manji, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kesi isikilizwe upya pale tu ambapo ile ya kwanza ilikuwa na kasoro za kisheria. Isirudiwe ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake.

Aliyetiwa hatiani na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, akitaka kukata rufaa Mahakama Kuu, atoe taarifa ndani ya siku 10. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa itolewe ndani ya siku 30. Aliye gerezani hupeleka taarifa yake kwa mkuu wa gereza. Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowezesha maskini kusaidiwa bure.

Hukumu sasa kwa Kiswahili

Kwa miaka mingi hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtu alifungwa au kuachiliwa kwa karatasi asiyoweza kuisoma. Hapa mkoani kwetu liko jambo la kukumbuka. Jaji Zephrine Galeba, akiwa Mahakama Kuu Musoma, aliandika hukumu kwa Kiswahili. Februari 2021 Rais Magufuli alimsifu hadharani na kumteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huo huo Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Hukumu nyingi huwekwa pia kwenye mtandao uitwao TanzLII, na kuzisoma ni bure. Kama wewe huna simu ya mtandao, kijana wako anaweza kukutafutia.

Tufanye nini?

Ukiitwa kuwa shahidi wa upekuzi, nenda. Ni wajibu wa raia. Lakini tazama kwa macho yako. Hakikisha mzigo umefunguliwa, umehesabiwa au kupimwa, na umefungwa tena mbele yako. Soma karatasi yote kabla ya kutia sahihi. Kama umesahau miwani, mwombe mtu akusomee kwa sauti. Kama kilichoandikwa sicho ulichokiona, sema hapo hapo, usingoje mahakamani.

Vijana wa bodaboda, ulizeni mnabeba nini. Malipo yakizidi kiasi, jua kuna jambo.

Tulijifunza kusoma na kuandika ili tusidhulumiwe kwenye mizani ya pamba. Basi tusitie sahihi gizani. Karatasi ile ya usiku, pale kitongojini, inaweza kufika Mahakama ya Rufani. Na hukumu itakayotoka huko inaweza kuwa jiwe la kupimia kesi za watu wasiozaliwa bado.

Maswali ya kujadiliana

1. Kula njama maana yake nini? Je, kufahamiana na mhalifu ni njama?
2. Kwa nini hakimu wa Bunda hufuata uamuzi wa Mahakama ya Rufani?
3. Gunia la bhangi hupitia mikono ya watu gani kabla ya kufika mahakamani? Kwa nini kila mmoja aandikwe?
4. Ungekuwa wewe ndiye mwenyekiti wa kitongoji usiku ule, ungefanya nini?